Mtani Wangu Aliongeza Umeme

Simu ilinikuta jikoni asubuhi, nimetoka zamu, viatu bado miguuni. Aliyepiga ni muuguzi mmoja Mkenya, mama wa kanisa anayeishi Takoma Park, huku Maryland, Marekani, mtaa wa pili kutoka kwa mzee ninayetaka kuwasimulia leo. "Dada, mzee ametuacha," akasema. Mimi nikacheka. Naam, nilicheka, na msinishangae, kwa sababu mzee huyo alikwisha kufa mara moja kabla, na aliyenipigia simu mara ile ni huyu huyu. Nikamuuliza, "Safari hii umemwona mwenyewe, au umeona viti tena?" Kisha nikamsikia anapenga kamasi. "Aki wewe, wacha mchezo. Niko hapa kwake. Nimemwona." Hapo ndipo nilipokaa chini, juu ya ndoo ya mchele, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Jina lake silitaji, na la binti yake silitaji, na wanaowajua watanyamaza kama ninavyonyamaza mimi. Inatosha kusema alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, akaletwa huku na kazi ya udereva ubalozini, akastaafu, akafiwa na mkewe, akabaki. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Kwa wasomaji vijana na wa nchi jirani, niwaambie kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana: kukutukana mbele za watu, kuingia kwako bila hodi akafunua sufuria, na siku umekufa, kukufanyia mzaha msibani ili wafiwa wapate kupumua. Yeye aliniita Mzaramo mcheza ngoma, mtu wa kulala mpaka jua limfukuze kitandani. Mimi nilimwita mpagazi, kwa kuwa babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka bara hadi pwani. Mtani mwingine huku sikuwa naye. Wanyamwezi waliobaki ni vijana, ukimtania mmoja anakununia, anadhani umemwonea. Kwa hiyo aliyekufa si jirani tu. Amekufa mtu wa mwisho aliyekuwa na haki ya kunitukana, na upweke wa jambo hilo nilikuwa siujui.

Upagazi wake wenyewe haukuwa wa utani peke yake. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, ya zamani, ya zile zenye baraza mbele na ngazi zinazolia, na chini yake kulikuwa na besimenti ambayo ndiyo ilikuwa ghala letu sote. Sufuria kubwa za shughuli, mikeka, viti vya plastiki, magodoro ya wageni waliofika bila pa kulala, vyote alibeba yeye akapanga kule. Mwanafunzi akihama, godoro linakwenda kwa mzee. Arusi ikiisha, sufuria zinarudi kwa mzee. "Mnyamwezi haachi mzigo njiani," nikimwambia, naye hujibu, "Na Mzaramo haubebi, kazi yake kuuchezea ngoma." Watu walikuwa wanakuja, wanachukua, wanarudisha, na kati ya kuchukua na kurudisha wanakaa wananywa chai. Halafu polepole zikaingia kumbi za kukodi, na chakula cha kuletwa tayari kwenye trei, na sufuria za mzee zikaanza kushika vumbi. Hakulalamika. Alikuwa akizitoa mara kwa mara, anaziosha, anazirudisha chini.

Sasa nije kwenye umeme, maana ndiko kisa kilipo. Nyumba ile iliwekewa umeme wakati mtu alihitaji taa chache na redio. Kwenye ukuta wa besimenti palikuwa na kisanduku cha chuma chenye fyuzi za kioo, zile za kukaza kwa mkono kama balbu, na nje ya ukuta huo huo mita ya zamani iliyozunguka kwa uvivu. Ukiwasha birika na kiyoyozi kwa pamoja, fyuzi inaungua, nyumba inazima. Alipokuwa peke yake halikumsumbua jambo hilo. Mtu mmoja ana birika moja. Shida ilikuja binti yake wa pekee alipomletea wajukuu kutoka Texas, kiangazi kimoja cha joto la kukaba koo. Wakawasha kiyoyozi chumbani, kingine sebuleni, mama yao akatia chakula kwenye maikrowevu, tap, giza. Mzee akashuka na tochi, akabadilisha fyuzi, akapanda. Tap. Watoto wale Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu, basi wakalia kwa Kiingereza chao kwamba nyumba ya babu inachoma. Siku ya pili wakahamia hotelini. Siku ya kuondoka binti akamwambia baba yake, kwa upole kabisa, "Baba, rekebisha umeme, tutakuja tukae."

Maneno yale aliyashika kama mtu aliyepewa ahadi msikitini. Alinieleza nilipokwenda kumjulia hali, tumekaa barazani na kahawa yake chungu. "Mtani, tatizo ni umeme tu," akasema. "Nikitia mita mpya na bodi kubwa ya swichi, wanakuja." Nikamuuliza ana hakika gani kwamba ni umeme. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa tusi lililo nje ya utani. "Wewe Mzaramo unajua nini habari za umeme? Kasema mwenyewe, tutakuja tukae. Tukae, kasema, si tupite." Nikanywa kahawa. Nilimwona jinsi macho yalivyomng'aa, na sikuwa na moyo wa kubishana naye.

Fundi alikuwa mtu wa El Salvador, hodari na mpole, Kiingereza chake na cha mzee vikikutana njiani. Akamweleza kwamba kazi ile haifanywi kienyeji: waya wa nje unakatwa, mita ya zamani inang'olewa, bodi mpya inafungwa, halafu mkaguzi wa kaunti anakuja kutazama, na asiporidhika umeme haurudishwi. Tena mbele ya bodi lazima pawe wazi, pasiwe na hata kigoda. Na mbele ya ukuta ule palikuwa na mali yetu yote! Basi siku ya kazi, Ijumaa, mzee na mafundi wakatoa kila kitu: viti, mikeka, magodoro, sufuria, na makochi mawili yaliyochakaa, wakaviweka uani mbele ya nyumba. Naye alivyokuwa mtu wa mpango, viti akavipanga safu. Mkaguzi alipofika mchana akakuta waya wa kwenda ardhini haukufungwa anavyotaka, akasema atarudi Jumatatu. Mafundi wakaenda zao. Nyumba ikabaki haina umeme, vitu vikabaki nje, na simu ya nyumbani, ile ya kisasa inayokaa kwenye chaji, ikafa pamoja na umeme wake. Ya mkononi alikuwa nayo, lakini aliiweka garini, imezimwa, akisema ni ya dharura.

Mmarekani akipita akaona makochi yako uani, anadhani umefukuzwa nyumba au unauza vyombo. Sisi hatuoni hivyo. Kwetu makochi yakitoka, mikeka ikatoka, viti vikapangwa na sufuria kubwa ikaonekana, hakuna wa kuuliza: hapo pana msiba, sebule imetolewa vitu wanawake wapate kukaa chini. Muuguzi wetu alikuwa ameshuka basi anarudi nyumbani, akaviona, akaona na nyumba haina taa hata moja. Akapiga simu, inaita, haipokelewi. Mtasema angegonga mlango. Lakini nani anagonga mlango wa matanga akauliza aliyekufa ni nani, na anayekaa humo ni mtu mmoja? Akanipigia mimi, analia, "Woiye, mzee wetu ameenda." Nami nikampigia mwingine, naye mwingine. Mikutano yetu inachelewa, arusi zetu zinaanza watu wamekwisha sinzia, lakini hakuna tunalolifanya upesi kama msiba. Jua halijazama, tayari mtu alikwisha mpata binti yake Texas.

Nikaendesha gari kutoka Temple Hills machozi yananizuia kuona barabara, huku natafuta tusi zuri la kumsindikizia, kwa kuwa hiyo ndiyo haki yake kwangu. Kufika, uani pamejaa. Wanawake wamekwisha tandika mikeka juu ya nyasi, wanaume wamekaa kwenye viti vile vile vya safu wameshika tama, dereva mmoja Mkongomani anashusha kreti za soda. Mara mlango wa besimenti ukafunguka kwa kando, akatoka mzee, tochi mkononi, fulana imelowa jasho, utando wa buibui kichwani. Akatutazama. Akamwona mama mmoja anajifuta machozi kwa ncha ya khanga, uso ukamshuka. "Innalillahi," akasema. "Jamani, nani kafa?" Mkongomani akaiweka kreti chini taratibu, akavua kofia. "Ni weye, Papa," akasema.

Mungu wangu, kilichofuata! Muuguzi alipiga ukelele "Shindwe!" akarudi kinyumenyume mpaka kwenye uzio wa jirani. Mimi sijui nilicheka au nililia, najua nilimvamia nikamkumbatia na jasho lake lote, nikamwambia, "Mpagazi, hata kifo kimekushinda kubeba!" Na kwa kuwa kila mtu alikuja na kitu, mchele, sukari, kuku, hakuna aliyeondoka. Mkaa ukawashwa pale pale uani, sufuria zikapata kazi. Mzee akakaa katikati ya matanga yake mwenyewe, anapokea pole kwa mikono miwili, anauliza watu habari za watoto wao kwa majina. Mtu mmoja akaanza kusimulia alivyopokewa uwanja wa ndege na mzee, akalala kwake miezi. Mwingine akadakia, na mwingine. Watu walikuwa wamekuja na maneno ya kumsifu marehemu, wakaona haya kurudi nayo. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema mwishoni. "Mimi leo sikupona tu, nimefufuka."

Binti yake akaingia kesho yake na watoto, amevaa nyeusi, macho yamevimba; tulijaribu kumwarifu kwamba baba yu hai, lakini alikwisha zima simu akapanda ndege. Baba ndiye aliyemfungulia teksi. Nasikia alimpiga ngumi za kifua, moja baada ya moja, kisha akakaa kwenye ngazi akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Wakakaa mpaka Jumatatu. Nataka mlione hilo vizuri, wasomaji wangu: walikaa katika nyumba isiyo na umeme hata wa kuwasha balbu. Hakuna kiyoyozi, hakuna maikrowevu. Watoto walitandikiwa magodoro barazani, wakalala na babu yao huku anawasimulia mambo ya Tabora, wao wakiuliza kwa Kiingereza, yeye akijibu kwa Kiswahili, na mama yao alipowaita ndani wakakataa. Jumatatu asubuhi wakaenda uwanja wa ndege. Jumatatu mchana mkaguzi akarudi, akaridhika, waya ukaungwa, na nyumba nzima ikawaka haina mtu ila yeye.

Akaniita nikaone. Nilipofika akaniongoza chini, akanisimamisha mbele ya bodi mpya, swichi zimejipanga mistari miwili, zile zinazojikata zenyewe zikizidiwa na kurudishwa kwa kidole. Akapanda akawasha kila kitu: viyoyozi vyote, birika, jiko, taa za vyumba visivyolaliwa. Akashuka mbio, anahema. "Umesikia kitu? Hakizimi kitu! Hata wakija wote na marafiki zao, hakizimi." Nikampongeza. Tukapanda tukanywa chai, viyoyozi vinanguruma katika vyumba vitupu, na nikaona baridi. Kiangazi kikaisha. Binti yake alimpigia kila Jumapili, simsingizii, mtoto mwenye adabu. Lakini kuna kazi, kuna shule, mume ana zamu zake. Mzee hakumlaumu hata siku moja. Kila mara alimalizia hivyo hivyo: "Sawa mama, umeme upo. Upo wa kutosha."

Majani yalipoanza kuanguka alifanya jambo alilonisimulia mwenyewe kwenye simu, anacheka. Jumamosi moja alivitoa tena viti vyote, akavipanga safu uani, akatoa mikeka na sufuria, akatengeneza chai nyingi, akakaa kwenye ngazi. Wamarekani wakasimama na magari yao kuuliza kiti bei gani. Mmoja akang'ang'ania kochi. Wetu hakuja mtu. Muuguzi yeye alipita, ameniambia baadaye, akaona viti kutoka dirishani kwa basi, akacheka peke yake: "Nikasema leo hunipati, mzee." Nani angemlaumu? Aliwahi kuzika mtu aliye hai mbele ya kanisa zima. Jioni mzee akavirudisha chini kimoja kimoja. "Mtani, viti vimesahaulika," akaniambia, tukacheka wote wawili, nikakata simu, nikaenda kazini.

Mwaka uliofuata, joto lilipoanza kurudi, jirani yake Mmarekani aliona taa ya baraza inawaka mchana. Kesho yake ikawa bado inawaka. Mzee alikuwa hodari wa kuzima taa, tabia ya mtu aliyekulia kwenye kibatari, na jirani alilijua hilo. Akagonga, kisha akamfuata muuguzi, kisha wakaita polisi. Walimkuta kitini sebuleni, kofia kichwani, kiyoyozi kinaendelea kufanya kazi. Muuguzi alipowaarifu watu, wengi walimjibu kama nilivyomjibu mimi. Akalazimika kuapa kwa Biblia kwenye simu. Yeye mwenyewe ameniambia hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kuapa kwamba mtu amekufa huku amesimama kando yake.

Nimefikiri sana tangu siku ile kuhusu maisha haya tuliyoyafuata huku. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee wa watu; namlisha bibi wa Kizungu uji kwa kijiko, namsuka nywele, najua dawa zake zote. Nikimwambia msimamizi wangu nataka ruhusa nikamsalimie mzee wangu Takoma Park, hana siha mbaya, ni upweke tu, atanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikimwambia nimefiwa, ananipa ruhusa na kadi ya pole imetiwa sahihi na kila mtu. Ndivyo tulivyozoezwa, na tumekubali. Msiba ndio umekuwa ruhusa yetu ya kuonana. Tunafahamiana kwa matanga. Tunaambiana, "Tangu msiba wa fulani hatujaonana," na tunasema bila haya. Zamani mtu alipokuja kuazima sufuria tuliona ni usumbufu. Sasa tunakodi kila kitu, hatumsumbui mtu, na hakuna anayetusumbua.

Tulimzika hapa hapa Maryland, kando ya mkewe. Nyumba ikajaa kuanzia barabarani. Nikafanya kazi yangu ya mtani: nikavaa kofia yake, nikajitwika kiti chake kichwani, nikazunguka kwa wafiwa nikilia na kupiga kelele kwamba mpagazi kautua mzigo kwa watu wavivu. Wazee wakacheka. Vijana wakaniangalia kwa huruma, wakidhani nimerukwa na akili. Jikoni wanawake walikuwa wanapika kwenye kila kilichochomekwa ukutani, viyoyozi vyote vimewashwa, kisomo kinasikika kwenye spika, simu za watu zinachajiwa kila chumba, taa zimewaka juu mpaka chini. Hakikuzima kitu. Alisema kweli, maskini, umeme ulitosha watu wote.

Siku ya kuanua tanga, binti yake alitoka akakaa nami kwenye ngazi. Alitazama magari yaliyojaa mtaa mzima pande zote mbili. Akaniuliza, kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kimebaki cha salamu, "Aunti, watu wote hawa wamesafiri kutoka wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Yule ni wa hapa hapa, mtaa wa pili. Wale Silver Spring. Yule Mkongomani, Hyattsville. Wale kina mama wa Oxon Hill, mimi Temple Hills, nusu saa kwa gari. Akageuka akanitazama, na hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Baba aliniambia mlihama," akasema. "Kila nilipomuuliza nani anakuja kukuona, aliniambia wote mlihama mbali."

Hatukuhama, tulikuwepo, na mzee aliona afadhali atusingizie safari kuliko kumwambia mwanawe ukweli. Wasomaji wangu, mwenye mtu wake aliye hai akamgongee mlango wiki hii, hana msiba, hana arusi, hana haja, maadamu yule mtu angali anaweza kuinuka mwenyewe kuja kuufungua.